Nenda Ukanionee

Mama yangu alikuwa mpenzi wa kutazama. Treni ilipoanza kupita bondeni kwetu, mimi nikiwa mtoto wa kushikwa mkono, alitoka Ifakara alfajiri akatembea nami hadi relini, akakaa kwenye majani na wanawake wenzake mpaka ikapita, akarudi nyumbani jioni hajachuma hata mboga. Marehemu baba alipouliza chakula, aliletewa habari za mabehewa. Pantoni ikiletwa mtoni, mama yuko ukingoni. Harusi ya watu asiowajua, mama yuko dirishani kwa nje anachambua khanga za wageni. Watu walimtania kwamba siku akifa itabidi jeneza lake liwekewe dirisha, na yeye alicheka kuliko wao.

Kwa hiyo macho yalipoanza kumwacha, miaka ile ya tisini, tulijua ni msiba wa namna yake. Daktari alisema ni presha ya macho na kwamba nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Mama alimsikiliza kwa heshima zote, akatoka nje, akasema daktari ni kijana mzuri lakini hakuwepo. Yeye ndiye aliyekuwepo. Ni suke la mpunga lililomchoma jicho la kulia wakati wa mavuno, shambani kwetu ng'ambo ya mto, njia ya Lupiro, na jicho la kushoto likafuata kwa kumwonea mwenzake huruma. Hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

Giza lenyewe angelizoea. Kilichomvunja ni mkeka wa chakula. Siku moja tulikuwa na mgeni mzito, mama mkwe wa kaka yangu, na sisi wanawake tulikuwa tumekaa kulizunguka sinia. Mama alipeleka mkono kwenye wali, ukaingia kwenye bakuli la mchuzi, bakuli likapinduka mapajani mwa mgeni. Laiti mtu angecheka. Tulinyamaza wote, tukafutafuta, na ule unyamavu ulimuumiza mama kuliko mchuzi wa moto. Tangu siku hiyo alikula chumbani mwake peke yake, mlango umerudishwa.

Lazima mjue kwamba mama huyu alikuwa hakimu wa chumvi. Kabla ya hapo hapakupikwa chakula nyumbani kwetu bila hukumu yake. Chumvi imezidi, chumvi imepungua, chumvi imetiwa mapema, nani kawafundisha kutia chumvi mapema. Wifi yangu, mke wa kaka, aliolewa akiwa binti jasiri, lakini kila aliposhika kopo la chumvi alitazama kwanza mlangoni. Sasa sahani ilikuwa inarudi kutoka chumbani imeliwa nusu, bila neno. Wifi aliniambia jikoni, machozi yakimlengalenga na wala si kwa moshi, "Wifi, afadhali angenigombeza." Nami niliogopa hivyo hivyo. Niliona tunampoteza mama angali hai, ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Mimi nilikuwa bibi shamba, kazi yangu ikiwa kuzunguka na baiskeli kuwashauri wakulima wa mpunga ambao wengi wao walilima kabla sijazaliwa. Ndipo nikachaguliwa kwenda Japani kwa mafunzo ya kilimo cha mpunga, miezi kadhaa, katika mji unaoitwa Kanazawa. Nilitaka kukataa. Ningemwachaje mama katika hali ile? Akaniita chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, uso ameuelekeza dirishani, ambako bado aliona weupe kidogo.

"Nenda ukanionee," alisema.

Akaongeza, kwa ule utani wake niliodhani umekwisha, "Ukanionee, lakini usinionee. Usije ukarudi hapa ukaniambia kuzuri, mama, kwa kweli kuzuri. Hiyo ni kunionea kabisa."

Basi nikaondoka na kazi nzito kuliko mafunzo. Mpunga ningejifunza darasani. Kumwonea mama mji mzima, hilo halikuwa na darasa.

Kanazawa ulinishangaza hata kabla sijajua pa kuanzia. Ni mji ulio upande wa bahari ile inayoleta theluji, mji wa mito miwili na vilima, na watu wake wanautunza kama mtu anavyotunza nguo ya harusi. Mkalimani wetu alikuwa mama mmoja wa makamo aliyewahi kuishi Morogoro ujanani. Kiswahili chake kilikuwa na tafadhali nyingi mno, hata akikuambia funga mlango. Siku za mapumziko alinichukua kunitembeza, na mimi nilimchosha kwa maswali, kwa sababu sikuwa natazama kwa macho yangu peke yangu.

Kwanza alinipeleka kwenye bustani kubwa ya zamani ya watawala wao. Ilikuwa siku za baridi inayoanza. Nilikuta mafundi wakiwa juu ya misonobari, na kila mti umesimamishiwa mlingoti mrefu katikati, na kutoka kwenye ncha ya mlingoti kamba zinateremka pande zote, kila tawi na kamba yake, kama mbavu za mwavuli. Nikauliza, mti huu unaumwa?

"Hapana," alisema. "Mti huu ni mzima. Theluji inakuja. Theluji ya hapa ina maji mengi, ni nzito, itavunja matawi. Kwa hiyo tunayashika kabla."

Nilikaribia kamba moja iliyokuwa bado chini, nikaishika, nikainusa. Ilikuwa kamba iliyosokotwa kwa majani makavu ya mpunga. Majani ambayo sisi kwetu tunayachoma moto shambani, au tunamwachia jirani yetu Msukuma apitishe ng'ombe wake, hapa yamepandishwa juu ya miti yanashikilia matawi ya karne na karne. Nilisimama pale mdomo wazi mpaka mafundi wakaanza kunitazama mimi badala ya kazi yao. Hakuna theluji hata chembe. Jua linawaka. Na watu wazima wako juu ya ngazi wanashika tawi moja moja mkono kabla halijaelemewa. Nasema kweli, nikauonea wivu mti.

Nilimwomba fundi kipande cha kamba iliyobaki. Alikipangusa kwanza vumbi, akanipa kwa mikono miwili.

Siku nyingine akanipeleka kwenye mtaa wa nyumba za askari wa zamani. Vichochoro vyake vina kuta ndefu pande zote mbili, na mimi nilipopitisha kiganja ukutani nikagundua ni udongo. Udongo na majani, kama ukuta wa jiko la mama. Nikashika tena nihakikishe. Na palepale wanaume walikuwa wanazivalisha kuta hizo mikeka, mikeka mizito ya majani ya mpunga, wanaifunga kwa kamba kutoka juu hadi chini, ili baridi isiingie kwenye udongo ikaupasua.

"Kwetu," nilimwambia mkalimani, "mtu akipata pesa kidogo, jambo la kwanza anabomoa ukuta wa udongo."

"Na hapa," alisema, "mtu akipata pesa nyingi sana, ndipo anaweza kuwa nao."

Alisema hivyo kwa unyenyekevu wake wote, nami nikacheka peke yangu kichochoro kizima.

Yapo mengi. Kuna soko, kaa wamepangwa kwenye barafu miguu imekunjwa kwa adabu, na radi iliyopiga siku moja ya baridi kali, wauza samaki wote wakatabasamu, kwa sababu kule radi ya majira yale husemekana inawaleta samaki wakubwa, kama kwetu inavyosemekana inaleta mvua ya kupandia. Kuna chai. Mwanamke aliyevaa kimono alitumia muda mrefu kunitengenezea bakuli moja la chai ya kijani, nzito, yenye povu, na kila alichogusa alikigusa kana kwamba kimelala hataki kukiamsha. Nilipiga magoti mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nikaomba sukari. Mkalimani alikohoa, na mwenye chai aliinama kabisa, sijui kwa heshima au kwa kuficha kicheko.

Nilishangaa kila siku, na kila jioni nilijaribu kumweleza mama kimoyomoyo. Nikaona nashindwa. Nilianza vizuri, mti, mlingoti, kamba, halafu nikaishia palepale alipokataza: kuzuri, mama, kwa kweli kuzuri. Nilikasirika na nafsi yangu. Mtu ametumwa kuona, amepewa nauli ya ndege, na anakusanya neno moja.

Theluji ya kwanza ilipokuwa karibu, mkalimani aliniambia jamaa zake ni wakulima wa mpunga kwenye rasi ya Noto, kaskazini mwa mji, na kwamba kesho wanampokea mgeni wao. Twende nikaone mgeni anavyopokelewa.

"Mgeni kutoka wapi?" niliuliza.

"Kutoka shambani. Amekaa shambani msimu wote. Sasa anarudi nyumbani apumzike."

Nilielewa vizuri kabisa, au nilidhani hivyo. Nani kwetu asiyekuwa na mzee wa shambani? Msimu ukianza watu wanahamia ng'ambo ya mto, wanajenga vibanda, wanalinda mpunga na ndege na nguruwe, na daima kuna babu mmoja anayekaa huko mpaka gunia la mwisho livuke. Nikajua nakwenda kumpokea babu wa namna hiyo. Nikanunua hata maandazi yao ya maharage nimpelekee.

Tulisafiri kwa basi kandokando ya bahari, tukafika alasiri kwenye nyumba kubwa ya mbao yenye paa zito. Mashamba yalikuwa yamevunwa, maji yamebaki kwenye nyayo za watu. Ndani kulikuwa na moto katikati ya sakafu na harufu ya wali uliokuwa unaiva, na harufu hiyo ilinipeleka Ifakara mara moja. Mama mwenye nyumba alikuwa anamalizia kupanga vyakula kwenye meza fupi nyekundu. Baba mwenye nyumba alikuwa amevaa mavazi ya heshima, mabega yamepanuka kwa kitambaa kigumu. Akachukua jembe akatoka kwenda shambani kumwita mgeni. Nikasema moyoni, huyu babu ana bahati, kufuatwa na mtu aliyevaa hivyo.

Jua lilikuwa linazama tuliposikia sauti nje. Baba mwenye nyumba alikuwa anarudi, anaongea taratibu, kwa adabu, kama mtu anayemwongoza mkubwa wake. Mlango ukasukumwa. Akaingia kinyumenyume, ameinama, mikono yote miwili ameinyoosha mbele, na mkalimani akaninong'oneza, "Anasema, hapa kuna kizingiti, tafadhali inua mguu."

Kisha akasogea kando kumpisha mgeni wake apite.

Sasa mimi nimelelewa na mama yangu. Mtu mzima akiingia, siwezi kubaki nimekaa. Nilisimama, nikapiga goti kidogo, nikasema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, "Shikamoo!"

Kimya. Mlangoni hapakuwa na mtu. Iliingia baridi tu. Nikachungulia nyuma ya mlango, labda babu amecheleweshwa na maumivu ya magoti, hapakuwa na mtu. Mama mwenye nyumba alijiziba mdomo. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mkalimani alimweleza mwenye nyumba nilichosema na maana yake. Yule baba alifikiri kidogo. Hakucheka. Akageukia pale patupu, akainama, akasema maneno marefu, na mkalimani akanitafsiria: "Anamwambia mgeni, hapa yupo binti aliyetoka nchi ya mbali sana, naye analima mpunga, na amekuamkia."

Ndipo mkalimani akaniambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba mgeni huyo haonekani. Ndiye mungu wa shamba lao la mpunga. Msimu wote anaulinda mpunga, na baada ya mavuno wanamleta nyumbani aoge, ale, apumzike hadi wakati wa kupanda. Mimi ni Mkatoliki, na nilijikuna kichwa kidogo nikifikiria padri wetu angesemaje. Lakini nilikuwa na swali kubwa zaidi.

"Mbona anamweleza kila kitu? Kizingiti, mlango?"

"Kwa sababu haoni," alisema. "Ni kipofu. Wazee wa huku wanasema masuke ya mpunga yalimchoma macho."

Nilimshika mkono mkalimani kwa nguvu, na sikumbuki kama nilimwomba radhi. Nilikuwa nimevuka bahari zote zile, na katika nyumba nisiyojua hata kuvua viatu vyake sawasawa, watu walikuwa wanampokea mtu aliyepofushwa na suke.

Kuanzia hapo nilitazama kwa roho yangu yote. Baba mwenye nyumba alimkaribisha mgeni motoni, akamwambia moto uko upande gani na umewaka kiasi gani. Akampeleka kuoga, na kutoka bafuni tulisikia sauti yake ikimweleza ngazi iko wapi na maji yana joto gani. Akamngojea aoge, kungoja kwa kweli, bila haraka. Akamrudisha, akamkalisha mahali pa heshima, mbele ya mafurushi ya mbegu za mwakani. Kisha akapiga magoti mbele ya ile meza fupi na kuanza kumwonyesha chakula kwa maneno.

"Huu ni wali uliopikwa na maharage mekundu, uko mbele yako. Mwaka huu mpunga umezaa, tunashukuru. Hii ni supu, iko mkono wa kulia, bado ya moto. Huyu ni samaki, kichwa kimeelekea kushoto kwako. Hii ni figili iliyogawanyika chini kama miguu miwili, imetoka bustanini kwetu. Hiki ni kinywaji kitamu cha wali, kunywa taratibu."

Hakupandisha sauti, kama watu wanavyowapigia vipofu kelele utadhani kilichoharibika ni masikio. Hakumvuta mgeni wake mahali popote. Hakuwa na ile sauti ya huruma inayomshusha mtu. Alimweleza kama mtu anavyomweleza mkubwa wake mambo ya nyumba, na alipomaliza alinyamaza, akampa nafasi ya kula. Nyumba nzima ilikuwa kimya, na nikaona kuna kimya cha namna mbili duniani. Kile cha mkeka wetu siku ya mchuzi, na hiki. Nililia, na sikuona haya. Miti ya Kanazawa, kuta zilizovishwa, chai, vyote vikaungana mahali pamoja. Watu hawa hawangoji kitu kivunjike. Na yule baba nilimwona kwa macho yangu akimwonea mwenzake bila kumwonea.

Kitu kimoja tu kilinikaa kooni kama mwiba wa perege. Shikamoo yangu haikuitikiwa. Najua, nilimwamkia asiyeonekana, nilitaka nini? Lakini mtu wa kwetu ataelewa. Shikamoo ikitoka haina pa kwenda mpaka iitikiwe. Nilirudi nayo Kanazawa, nikapanda nayo ndege.

Nilifika nyumbani mvua zikiwa zimekolea. Basi lilitambaa kutoka Kidatu, Mang'ula, milima ya Udzungwa iko kulia imefunikwa, tope hadi kwenye ekseli. Nilimkuta mama chumbani, na nilipopita mbele ya dirisha hakugeuza uso. Ule weupe wa mwisho ulikuwa umebaki wa kujua mchana na usiku tu. Wifi alinong'ona kwamba bado anakula peke yake, tena siku hizi hata nusu ya sahani haimalizi.

"Haya," mama alisema, kabla sijatua begi. "Umenionea nini?"

Nilimpa kwanza kile kipande cha kamba. Akakipapasa, akakinusa, akakipeleka hata mdomoni. "Mpunga," alisema. "Lakini si supa ya mashamba yetu. Supa haina harufu hii." Nikamweleza mti, nikishika vidole vyake kimoja kimoja na kuvifanya matawi, nikifunga kila kidole na kuvuta kamba juu. Akauliza wanaanza na tawi gani. Sikuwa najua, akanilaumu kwa kutotazama. Nikampeleka jikoni nikaweka kiganja chake ukutani, nikamwambia kuta kama hizi wanazivisha mikeka wakati wa baridi. Akausugua ukuta wake kwa muda.

"Na kaka yako anataka kulibomoa jiko hili," alisema. "Mwambie ana bahati mimi si Mjapani."

Kisha nikamsimulia mgeni. Nikasimulia yote, kizingiti, moto, maji, chakula, na ile shikamoo yangu. Alicheka nilipochungulia nyuma ya mlango, alicheka mpaka akakohoa. Nilipofika kwenye macho, akaacha.

"Suke?" aliuliza.

"Suke, mama."

"Nilimwambia yule daktari," alisema.

Baadaye, nikidhani habari imekwisha, akauliza, "Na hakukuitikia?"

"Hakuniitikia."

Akatikisa kichwa, kama anayesikitikia malezi ya watu.

Jumapili, baada ya misa, wifi alipika wali na kambale. Mama mkwe wa kaka yupo, amekuja kunipokea, yuleyule. Mkeka ukatandikwa uani. Mimi nikavaa kitenge changu kipya, nikaenda mlangoni kwa mama.

"Karibu nje, mama. Chakula kiko tayari."

"Niletee huku."

"Leo siwezi. Leo nimekuja kukuchukua." Nikainama, nikanyoosha mikono yote miwili, kama nilivyoona. "Hapa kuna kizingiti, tafadhali inua mguu."

"Kizingiti nakijua. Nimekitengeneza mimi."

"Najua unakijua. Nakuambia tu kwamba kipo."

Nilisubiri. Sikumshika. Mvua ilikuwa imekatika, na maji yalikuwa yanadondoka kwenye bati. Kwa muda mrefu nilidhani nimeshindwa, kisha nikasikia mkono wake ukitua juu ya mkono wangu, mwepesi.

Tukatoka. Nikamwambia baiskeli ya kaka imeegeshwa kushoto, tairi la nyuma halina upepo. Kuku wako kwenye majivu. Milima imefunikwa na mawingu mpaka kiunoni. Kwenye mkeka, upande wa jiko, yuko mkweo, amevaa khanga ya kijani yenye mapera.

"Ile ya Pasaka?" mama aliuliza.

"Ileile."

"Bado inang'aa?"

Mkwe mwenyewe akajibu kwamba imepauka, ila anaitunza. Mama akasema hivyo ndivyo. Hatua zake zikawa hatua za mtu anayekwenda kutazama jambo.

Tulipofika kwenye mkeka nikasogea kando kumpisha, na miguu yenyewe ikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Nilikuwa nimekwisha kumwamkia asubuhi, na kila mtu pale alijua. Mama alisimama wima, wima ambao sikuwa nimeuona kwake kwa muda mrefu.

"Marahaba," alisema. Halafu, kwa sauti kubwa zaidi, "Na ile ya kule nayo, marahaba."

Wengine walitazamana. Mimi nilishindwa kuinuka mara moja. Nilipoinuka nilimkalisha, nikapiga magoti mbele ya sinia, nikamweleza. Wali uko mbele yako, umejaa. Kambale yuko kulia, kwenye bakuli la kina, bado wa moto. Matembele yako kushoto. Pilipili iko mbali, upande wa mkweo, anayeitaka ataomba. Kisha nikanyamaza.

Mkono wake ukaenda kwenye wali, ukatengeneza tonge, ukateremka kulia polepole, ukagusa ukingo wa bakuli, ukachovya. Akala. Hakuna aliyetia mkono kabla yake. Watoto nao walikuwa wameduwaa. Nikamfikiria yule baba wa Noto, ambaye kila mwaka hupiga magoti akaeleza chakula na hajaambiwa hata kama supu ilikuwa nzuri.

Mama alitafuna, akameza.

"Chumvi imepungua," alisema.

Wifi yangu aliinuka mbio kwenda jikoni kuleta chumvi, na sijawahi kuona mtu akifurahia kukosolewa kama yeye siku ile.